Methadoni, soba hausi, wodi au nyumbani: namna ya kuchagua tiba ya uraibu Dar es Salaam

Familia nyingi za Dar es Salaam zikifikia siku ya kutafuta msaada huanza na swali la mahali: tumpeleke kliniki ya methadoni (dawa ya maji inayochukua nafasi ya unga), soba hausi (nyumba ya kuishi na walioacha), wodini, au abaki nyumbani? Sisi tunashauri lianze swali jingine: anatumia nini? Mtu wa unga (heroini), mtu wa gongo na mtu wa bangi wote wanaitwa waraibu, lakini mwili wa kila mmoja ukikosa kilevi chake unafanya mambo tofauti kabisa. Kumfungia chumbani siku tano mtu wa unga ni mateso ambayo kwa kawaida hayamuui. Mlevi wa kila siku akifungiwa siku hizohizo tano anaweza kufa. Tofauti hiyo moja inatosha kubadilisha uamuzi wote.

Kwanza, je, imefika uraibu?

Si kila anayekunywa au kuvuta ni mraibu. Shirika la Afya Duniani linaangalia mambo matatu. La kwanza ni kushindwa kujizuia: alisema bia mbili, akaamkia mtaroni. La pili ni kilevi kutangulia mbele ya kazi, chakula, ndoa na afya. La tatu ni mwili kuzoea: kiwango kinapanda, na akikosa anaumwa. Mawili kati ya matatu yakionekana ndani ya miezi 12, au kwa mtu anayetumia karibu kila siku kwa miezi mitatu mfululizo, huo ni uraibu na unahitaji tiba. Kwa pombe kuna kipimo cha maswali 10 kiitwacho AUDIT ambacho mhudumu anaweza kukupitisha kwa dakika chache. Alama ya juu kabisa ni 40. Kuanzia 8 unywaji umeshakuwa wa hatari, na kuanzia 20 ni lazima mtu aonwe na mtaalamu.

Nyumbani hakuna karatasi ya maswali, lakini kuna dalili. Kwa mnywaji, angalia asubuhi. Anayeamka anatetemeka mikono, akatulia baada ya kuzimua, na akafanya hivyo kila siku, mwili wake umeshafungwa na pombe hata kama hajawahi kuonekana amelewa chakari.

Kwa unga, angalia macho na saa. Akiwa na stimu mboni huwa ndogo sana, anasinzia katikati ya sentensi, anajikuna, anakaa siku nyingi bila choo. Arosto, yaani kuumwa kwa kukosa dawa, huanza saa 6 hadi 12 tangu alipotumia mara ya mwisho: miayo, machozi, kamasi, jasho la baridi, vinyweleo kusimama, kuharisha, mifupa kuuma. Wazazi wengi hudanganyika kwa sababu ya kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi na kusokotwa kama msokoto wa kawaida. Kijana anasema "ni bangi tu, mama", na harufu inamuunga mkono. Lakini bangi peke yake haimletei mtu kamasi na kuharisha baada ya nusu siku, wala haifinyi mboni. Ukiziona dalili hizo, una mtu wa unga ndani ya nyumba, na mpango wa mtu wa bangi hautafaa kitu.

Usiwasahau wa vidonge. Tramadoli ni ndugu wa heroini kwa namna inavyofanya kazi, na arosto yake inafanana. Tena anayevuka miligramu 400 kwa siku ana hatari kubwa ya kuanguka kifafa. Valium na dawa za usingizi za kundi lake zina tabia ya pombe: kuziacha ghafla baada ya kuzizoea kunaweza kuleta kifafa. Hizo hupunguzwa na daktari kidogokidogo kwa wiki kadhaa.

Siku ambayo hakuna kulinganisha

Mtu amelala haamki hata ukimfinya au kumsugua kifua kwa nguvu, anakoroma kwa sauti ya maji, midomo imegeuka bluu au kijivu. Hesabu pumzi dakika moja. Zikiwa chini ya 10, au zinakatika, amezidisha. Mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu. Si lazima iwe kliniki yake ya methadoni ya kila siku. Wakati gari linatafutwa mlaze ubavu, fungua mdomo, toa kilichomo, na kama hapumui mpulizie pumzi mdomoni. Maziwa, maji ya chumvi na kumwagia ndoo ya maji baridi havisaidii, na vya kunywesha vinaweza kumziba pumzi. Bodaboda haifai kwa mtu asiyejitambua. Tafuta bajaji au gari na mtu wa kumshika ubavu njia nzima. Ukifika taja dawa aliyotumia bila kuficha. Hospitali ikiwa na nalokisoni (dawa ya kuondoa nguvu ya unga), sindano hiyo inaweza kumrudisha kwa dakika chache, lakini nguvu yake huisha ndani ya dakika 30 hadi 90 na unga unaweza kuwa bado umo mwilini. Akizinduka akasema "nimepona, twende", msimchukue. Abaki chini ya uangalizi.

Mnywaji aliyeanguka kifafa, au anayeona watu ambao hawapo, naye ni wa dharura. Vivyo hivyo aliyekunywa gongo jana na leo macho yanaona ukungu huku kichwa kinagonga. Hiyo inaweza kuwa sumu ya methanoli, na kila saa ikipita macho yanazidi kupotea.

Njia nne kwa kutazama tu

| | Kliniki ya methadoni | Soba hausi | Wodi ya hospitali | Nyumbani |
|---|---|---|---|---|
| Kwa nani hasa | Unga na jamii yake | Kokeini, bangi, pombe baada ya kuondolewa sumu. Unga kwa anayetaka kuacha kabisa na ana mpango wa kutoka | Pombe ya kila siku, Valium, mwenye ugonjwa wa akili, mjamzito (wa unga aende methadoni) | Bangi, mirungi, pombe isiyo ya kila siku |
| Haifai | Pombe, bangi, kokeini, mirungi | Pombe ya kila siku kama hakuna daktari | Kama tiba pekee ya muda mrefu | Aliyewahi kuanguka kifafa akiacha pombe |
| Muda | Mwaka na zaidi | Miezi kadhaa | Siku 5 hadi 7 kwa pombe | Wiki 1 hadi 2 |
| Gharama kubwa | Nauli na muda wa kila siku | Ada ya kila mwezi | Kitanda na dawa | Mtu wa kukaa naye |
| Inapoharibika | Dozi kurukwa, kuchanganya na vilevi vingine | Siku ya kutoka | Kurudi kijiweni bila ufuatiliaji | Usiku wa tatu, kwa wanaojaribu na unga |

Jedwali linarahisisha mno, na safu wima mbili za kwanza, methadoni na soba hausi, ndizo zinazoleta ubishi mkubwa majumbani.

Methadoni na soba hausi kwa mtu wa unga

Tanzania Bara ilianza kutoa methadoni mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga. Mwananyamala ikafuata 2012 na Temeke 2014, kisha huduma ikasambaa mikoani. Dawa yenyewe hutolewa bure. Ni ya maji, na kwa kawaida mtu huinywa mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Sababu ya kunywa mara moja kwa siku ni hii: stimu ya heroini huisha ndani ya saa chache, ndiyo maana mtu wa unga anatafuta kete (vipakiti vya unga) tatu, nne kwa siku na maisha yake yote yanazunguka utafutaji huo. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya saa 24. Kiwango kikishapatikana hakuna arosto wala stimu ya maana, na mtu anaweza kushika kazi.

Lawama ya kila familia ni kwamba "wamembadilishia tu unga." Kwa upande mmoja ni kweli: mwili wake bado unategemea dawa ya aina ileile, na akiikosa ataumwa. Lakini hajidungi, haibi pasi ya nyumba, hachangii bomba la sindano na mwenzake wa kijiweni, na anaonana na muuguzi kila asubuhi. Humo humo anapimwa VVU, kifua kikuu na homa ya ini, na kama anahitaji ARV anaweza kuzinywa pamoja na dozi. Kwa mtu aliyejidunga miaka mingi, tunaona hiyo ni faida kubwa kuliko usafi wa damu wa wiki tatu.

Inapoharibika huwa kwa njia tatu.

Ya kwanza ni wiki mbili za mwanzo. Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni miligramu 20 hadi 30, na hupandishwa taratibu, miligramu 5 hadi 10 kila baada ya siku kadhaa. Daktari si mchoyo. Methadoni hujikusanya: dozi ya siku ya tatu inaikuta ya kwanza na ya pili bado zimo. Mgonjwa anahisi dawa haimtoshi, anaongeza kete au anameza Valium juu yake, usiku pumzi inakatika. Siku hizo asilale peke yake, na pombe isiguswe. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Aliyebaki 40 na bado anatumia unga kila jioni aombe kupandishwa. Hiyo si aibu.

Ya pili ni kuruka dozi. Akikosa siku tatu mfululizo, kwa kawaida kliniki humpima upya na kumpunguzia. Zikifika tano au zaidi, huanza upya kabisa, kwa sababu mwili umeshasahau kiwango cha zamani. Wanaokosa mara nyingi hawakosi kwa kutaka, ni nauli. Mtu wa Mbagala anayekwenda Temeke, au wa Kigamboni anayevuka kwa kivuko kwenda Muhimbili, ana nauli 60 za kulipa kwa mwezi, na akipanda magari mawili ni 120. Pigeni hesabu hiyo kabla ya siku ya kwanza na mkubaliane nani anaibeba. Kama ni kibarua wa ujenzi anayetakiwa saiti saa moja asubuhi, ulizeni kwanza saa za dirisha la dawa. Pesa ya nauli mkononi mwa mtu aliyeanza wiki hii ni mtihani, kwa hiyo mwanzoni ni bora ndugu aende naye. Mara nyingi kliniki yenyewe huomba aje na ndugu.

Ya tatu ni dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu humaliza methadoni mwilini haraka. Phenytoin na karbamazepini za kifafa hufanya hivyohivyo. Mtu aliyekuwa ametulia anaamka na arosto na kila mtu anamshuku, kumbe alianzishiwa dawa ya TB wiki iliyopita. Kila dawa mpya itajwe kliniki. Kufunga choo na kutoka jasho ni madhara ya kawaida. Maji, matunda na mboga za majani husaidia, na ikizidi aombe dawa ya choo.

Soba hausi, au nyumba ya upataji nafuu kama zinavyoitwa kiserikali, ni kitu cha aina nyingine. Mtu anahamishwa kutoka maskani, anaishi na wenzake waliokwisha kuacha, anaamka kwa ratiba, anafagia, anapika, anakaa kwenye vikao vya hatua 12, yaani vikao vya waraibu wenyewe kusaidiana kuacha. Nyingi zinaendeshwa na asasi au watu binafsi, wengi wao waliowahi kutumia wenyewe. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: huwezi kumdanganya kwa urahisi mtu aliyetumia maneno hayohayo zamani.

Kwa anayeishi Tandale au Vingunguti, mlango wa tatu kutoka kwa muuzaji, kuondoka tu mtaani ni nusu ya kazi. Kwa kokeini hakuna dawa mfano wa methadoni, kwa hiyo mazingira na ushauri ndiyo tiba yenyewe. Kwa unga, nyumba nyingi humpitisha mtu arosto bila dawa au kwa vidonge vya maumivu na usingizi. Kilele ni siku ya pili na ya tatu. Ndani ya siku 7 hadi 10 mwili unakuwa umetulia, ila usingizi na hamu huchukua wiki nyingi zaidi. Hatari ya siku hizo ni kuishiwa maji kwa kutapika na kuharisha, hasa kwa mwenye TB au VVU ambaye hajajijua.

Lakini hatari kubwa iko mbele, siku anayotoka. Baada ya miezi minne bila unga mwili hauna tena mazoea. Kete ileile aliyokuwa akiivuta na kuendelea na mazungumzo inaweza kumsimamisha pumzi. Wiki mbili za kwanza nje ni hatari kuliko wiki mbili zozote alizokuwa akitumia. Familia inafanya sherehe, inampa pesa za kuanzia maisha, inamrudisha chumba kilekile cha Manzese. Hatujui kosa linalojirudia kuliko hilo.

Basi tunachosema: mtu wa unga wa muda mrefu, hasa anayejidunga, aliyekwisha kuacha na kurudia, mjamzito, au mwenye VVU, aanze na methadoni. Kijana wa mwaka mmoja wa kokteli, anayetaka mwenyewe kuacha kabisa, na ambaye ana shangazi Morogoro wa kumpokea akitoka, soba hausi ni chaguo la haki. Mjamzito asiachishwe unga ghafla kwa hali yoyote, kwa sababu arosto kali inaweza kuhatarisha mimba. Methadoni ndiyo njia salama, na mtoto akizaliwa na arosto hospitali inajua kumtibu.

Kabla ya kulipa ada ya soba hausi

Nenda mwenyewe, siku ambayo hukuahidi, ukaone choo, jiko na idadi ya vitanda dhidi ya idadi ya watu. Uliza ina usajili gani. Unaweza pia kupiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kuulizia. Kisha uliza haya na usikilize yanavyojibiwa:

- Nani anamwona mtu akizidiwa usiku wa pili, na mnampeleka hospitali gani?
- Anaruhusiwa kuendelea na ARV, dawa za TB, dawa za kifafa au za akili?
- Mtu akitaka kuondoka, mnafanya nini? Na ada iliyobaki?
- Mwezi wa mwisho mnamwandaaje kutoka, na baada ya hapo mnafuatilia kwa muda gani?
- Mnapokea wanawake, na wanalala wapi?

Nyumba inayokataa dawa za daktari kwa hoja kwamba "dawa ni dawa", iondokee. Inayojisifu kwa minyororo na viboko, pia. Swali la wanawake si la mapambo: nyumba nyingi zimejengwa kwa ajili ya wanaume, na binti akiingizwa humo bila chumba cha peke yake na mhudumu wa kike anaweza kutoka na tatizo jipya.

Wodi na nyumbani kwa mnywaji

Hapa uamuzi unategemea swali moja: je, aliwahi kuanguka kifafa au kuchanganyikiwa alipokosa pombe? Kama ndiyo, ni wodi, hakuna mjadala. Wodi pia kwa anayezimua kila asubuhi, anayechanganya na Valium, mwenye manjano au tumbo lililojaa maji, mzee, na asiye na mtu wa kukaa naye usiku na mchana.

Sababu ni kalenda ya mwili. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Kifafa, kikija, huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne ndipo hutokea ile hali ya kuona wadudu ukutani, kuongea na waliokufa, homa na kutojua alipo. Ndugu husema kapandwa na mashetani, anapelekwa kuombewa au kwa mganga, na siku iliyokuwa ya kumwokoa inapita. Hospitali humpa diazepamu (ndiyo Valium) kwa kiwango kinachopungua kila siku na vitamini B1. Hiyo B1 ina uzito wake: mnywaji sugu akipewa dripu ya sukari tu kwenye zahanati ya mtaani bila vitamini hiyo, ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Kwa hiyo mwambie mhudumu mapema: "Huyu ni mnywaji wa kila siku, alikunywa mara ya mwisho saa fulani." Usimwambie ana malaria tu kwa kuona haya.

Hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, pamoja na Muhimbili, zina huduma za afya ya akili, na hapo ndipo pa kuanzia. Wodi hutoa sumu mwilini kwa wiki. Haimfundishi mtu namna ya kupita mbele ya baa siku ya mshahara. Akitoka bila tarehe ya kurudi kliniki au kikundi cha kuhudhuria, mmelipia mapumziko.

Nyumbani kunatosha kwa anayekunywa wikiendi, kwa mirungi, na kwa bangi. Bangi ikiachwa huleta hasira, kukosa usingizi, ndoto kali na kukosa hamu ya kula. Huanza siku ya kwanza au ya pili na kwa wengi hupungua ndani ya wiki mbili. Akianza kusikia sauti au kushuku kwamba jirani anamroga, mpeleke hospitali.

Na unga nyumbani? Watu hufanya. Kwa kawaida mtu huvunja mlango au kuruka ukuta usiku wa tatu, maumivu yakiwa kileleni. Kama mnasubiri nafasi kliniki na hakuna njia nyingine, pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi, anywe kidogokidogo kila anapoharisha, uji mwepesi, na mtu wa kuamka naye. Asipokojoa kwa saa nane au akashindwa kushika hata maji, mpelekeni hospitali.

Vikundi, dini, waganga

Vikundi vya hatua 12 havina ada na havipimi mkojo. Havitoi sumu mwilini, ila ni kitu kizuri cha kuunganisha na njia yoyote hapo juu. Dua na maombi vivyo hivyo: viende pamoja na dawa, visichukue nafasi yake. Anayetaka kufunga Ramadhani akiwa kwenye methadoni azungumze na muuguzi wiki kadhaa kabla, si siku ya mwandamo. Dawa za mitishamba zisizojulikana zisichanganywe na methadoni wala diazepamu.

Namna ya kulianza jambo

Usiongee naye akiwa na stimu, hatakumbuka. Wala akiwa kwenye arosto, atakuahidi chochote. Kuna saa ya katikati, mara nyingi mchana. Sema ulichokiona, si unachomdhania.

"Mwanangu, jana nimekukuta umelala mlangoni, nimekuita mara tatu hukuamka. Niliogopa."

"Mama, mimi si teja bwana."

"Sijakuita hivyo. Nataka twende wote Mwananyamala Jumatatu, wakupime, wakisema huna kitu tunarudi zetu."

Siku moja, mahali pamoja, na wewe ukiwepo. Hiyo humshika mtu kuliko hotuba ya saa nzima mbele ya wajomba. Kataa pesa taslimu lakini usikatae chakula. Siku ya kwenda abebe kitambulisho au barua ya serikali ya mtaa kama anayo, kadi za kliniki na vidonge vyote anavyotumia, na asiache kutaja alichotumia asubuhi hiyo. Kipimo cha mkojo kitaonyesha hata hivyo, na daktari anahitaji kujua kiasi ili apange dozi. Humo ndani ni mgonjwa, si mshtakiwa.

Akirudia, tazameni njia iliyotumika kabla ya kumlaumu. Aliyetoka soba hausi mara mbili na mara zote mbili akarudi kwenye unga ndani ya mwezi, mara ya tatu msilipe ada nyingine; mpelekeni methadoni, na pesa hiyo iwe nauli. Aliye kwenye methadoni lakini anakunywa pombe kila siku hahitaji dozi kubwa zaidi, anahitaji pombe itibiwe kwanza, wodini. Na aliyerudia jana usiku baada ya miezi ya kuacha aambiwe wazi, bila kelele, kwamba kiwango chake cha zamani sasa ni sumu, asijifungie chooni peke yake, na kliniki inafunguliwa kesho asubuhi.